Mikono ya Mwizi

Babu yangu hajawahi kufungua kopo la rangi bila kujikata kidole. Ndiyo maana tangu nikiwa mdogo nilijiuliza aliwezaje kuchonga ufunguo bandia na kufungua sanduku la chuma la tajiri aliyemwajiri kama mlinzi. Kila nikimuuliza, ananiambia niache umbeya. Lakini jela alikaa, miaka mingi, tena aliingia baba yangu akiwa bado ananyonya.

Sasa watu wa sinema walitaka kutengeneza filamu ya kisa hicho, wakaja kupiga picha sebuleni kwetu, nyaya zimetapakaa mpaka chini ya cherehani ya bibi. Bibi alinuna, akaendelea kupinda suruali ya mteja.

Mwongozaji wa filamu, mama mmoja mchangamfu asiyepitwa na kitu, alimwomba babu amwelekeze mwigizaji. Babu akashika ufunguo ambao haujachongwa meno, akaupitisha juu ya mshumaa. Kwa mbwembwe zote akaeleza kwamba unaupaka masizi, unauingiza kwenye kufuli, unauzungusha kidogo. Pale masizi yanapofutika ndipo pa kupiga tupa.

"Masizi hayaonekani kwenye chuma cheusi, mzee," bibi akasema bila kuinua uso. "Unapaka chaki. Hii ya kukatia nguo."

Cherehani ikasimama. Fundi akiona kazi inaharibiwa hushindwa kujizuia, na bibi yangu ni fundi hasa.

Mwongozaji akamuuliza amejuaje. Babu akadakia kwamba yeye ndiye aliyemsimulia bibi. Yule mama hakuridhika; akanigeukia, akataka kujua kama nami nilishasikia habari za chaki. Jibu nililolitafuta maisha yangu yote lilikuwa limekaa mbele ya cherehani, na neno langu moja lingemsafisha babu. Nikamtazama. Aliniangalia kwa jicho la kuomba, mzee ambaye hajawahi kuniomba hata maji.

"Babu hutusimulia kila siku," nikasema. "Mpaka tumechoka."

Watu wakacheka. Mimi nilitamani kulia.

Ikabaki kupigwa picha ya mikono tu, ikichonga ufunguo. Ya mwigizaji ilikuwa laini mno, ya babu ilitetemeka. Nikasema, kama utani, kwamba mikono ya wazee inafanana, basi wamvalishe bibi koti la babu. Bibi akanikata jicho, kisha akavaa.

Akapaka chaki, akaingiza ufunguo, akauzungusha kidogo, akauchomoa, akaukagua kwenye mwanga, akapiga tupa. Akarudia hivyo bila haraka, kama mtu anayeshona kitu chake mwenyewe, mpaka kufuli likaachia.

Babu alikuwa amesogea hadi nyuma ya kamera, mdomo wazi. Alifungwa kwa kazi ile, na hakuwahi kuiona ikifanywa.