Aya ya Sita

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Mhuri alichapa kila waraka uliotoka katika ofisi ya wakili, na katika kila rasimu, kwenye aya ya sita, aliandika maneno yaleyale: Mzee, meza dawa kwanza. Wakili, ambaye ofisi nzima ilimwita Mzee, alikuwa na shinikizo la damu na kichwa kigumu. Akikumbushwa kwa mdomo, alifoka. Kilichoandikwa alikitii. Kwa mwendo wake wa kusoma, aya ya sita aliifikia saa nne asubuhi, saa ya kidonge. Akishameza, Mama Mhuri aliyafuta maneno yale, akachapa nakala safi, akaigonga mhuri na kuipeleka mahakamani kwa miguu.

Kisha ukaja mtambo wa kuandika nyaraka. Mafundi walioufunga waliulisha mafaili elfu kumi na moja kutoka kwenye kompyuta yake ili ujifunze kuandika kama ofisi ile. Yote yalikuwa rasimu. Nakala safi zilikaa kwenye makabati, na makabati hakuna aliyeyauliza chochote.

"Pumzika sasa, mama," Mzee alimwambia. "Mtambo unaandika, unahakiki, unaweka na sahihi yangu. Kazi yako ni kubofya Tuma."

"Na kusoma atasoma nani?"

"Mtambo ushasoma wenyewe."

Akabofya miezi minane. Ndipo alipoingia fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Mwenye nyumba alitaka kumtoa kesho yake asubuhi katika chumba alichoshonea miaka kumi na tisa. Maombi ya zuio yalipaswa kufika mahakamani kabla ya saa kumi jioni ile. Fundi huyu ndiye aliyemshonea Mama Mhuri gauni la harusi, na baadaye akalipanua mara mbili bila kutia neno. Kwa ajili yake, Mama Mhuri akavunja amri: akasoma.

Aya ya tano ilieleza mkataba wa pango. Ya saba ilieleza notisi. Katikati yake palikuwa na: Mzee, meza dawa kwanza.

Akayafuta maneno, akabofya. Mfumo wa mahakama ukajibu kwa maandishi mekundu: Waraka huu haufanani na nyaraka za ofisi hii. Unashukiwa kughushiwa.

Saa tisa na robo alikuwa dirishani kwa msajili, anahema.

"Mama, mimi na mfumo hatubishani," alisema msajili. "Nyaraka zenu arobaini na tatu zilizopita zote zina hiyo sentensi. Huu ndio wa kwanza usio nayo. Irudishe."

"Lakini ni upuuzi, mwanangu!"

"Ni upuuzi uliosajiliwa."

Akairudisha. Maombi yakapokelewa kwa sekunde nne, na shauri likapangwa kesho yake saa mbili asubuhi, kabla fundi hajatolewa.

Usiku huohuo jibu la mwenye nyumba lilikuwa limeshaingia. Wakili wake naye alikuwa na mtambo. Mtambo huo ulikwishapitia maelfu ya kesi za vyumba. Aya ulizozizoea ulizikubali ili kuokoa muda, na ile ngeni ukaishambulia. Jibu lilisomeka: Aya ya kwanza hadi ya tano, na ya saba hadi ya kumi na nne, zinakubaliwa. Aya ya sita inakanushwa vikali. Mwombaji athibitishe kwamba dawa ilimezwa.

Asubuhi mahakamani, hakimu alilisoma jibu mara mbili, akavua miwani.

"Kwa hiyo mnachobishania ni kidonge."

"Ni kidonge tu, mheshimiwa," alisema wakili wa mwenye nyumba, mwanamke mrefu aliyesoma kila kitu kutoka kwenye kishikwambi. "Msimamo wetu ni kwamba hakikumezwa."

Mama Mhuri akaapishwa.

"Ulimwona akimeza?" aliuliza hakimu.

Akamtazama fundi, aliyekuwa akiuzungusha utepe kidoleni. Neno moja, ndiyo, lingetosha kukiokoa chumba. Lakini alikuwa amechapa viapo miaka ishirini na miwili, na hakuwahi kuona cha mzaha.

"Sikumwona. Na sidhani alimeza. Tangu mtambo uje hasomi, na asiposoma hamezi."

Fundi akashika kichwa. Mzee akafoka, "Mama, unanivua nguo mahakamani!"

"Dawa ninazo mkobani, mheshimiwa," akaongeza Mama Mhuri. "Nazibeba kila siku."

"Basi ameze sasa hivi," alisema hakimu.

"Pingamizi!" Mwanamke mrefu alisimama. "Aya inasema kwanza. Shauri limeshaanza."

Hakimu akafikiri, akaona pingamizi lina mashiko. Akaahirisha shauri kwa dakika kumi ili lianze upya.

Dakika sita zikapotea Mzee akikataa. Yeye si mtoto wa kumezeshwa hadharani. Mama Mhuri hakubishana. Alimwekea maombi mbele, yamechapwa kwenye karatasi, akasogea pembeni. Mzee akaanza kusoma, kidole kikitambaa chini ya mistari. Dakika ya tisa akafika aya ya sita, akanyoosha mkono bila kuinua macho, akameza.

Shauri likaanza. Aya zote kumi na nne zikawa hazina mpinzani. Zuio likatolewa hadi kesi ya msingi iishe, kwa sharti moja: kwa kuwa pakiti ya dawa iliandikwa kidonge kimoja kila siku, karani wa wakili atathibitisha kila asubuhi, kwa kiapo, kwamba kimemezwa. Siku itakayokosekana, zuio linaanguka.

Kesho yake saa tatu na nusu Mama Mhuri alimkuta fundi amekwishafika, ameketi mbele ya meza ya Mzee na glasi ya maji mkononi.

"Umefunga duka uje kunitazama nikimeza?" aliuliza Mzee.

"Nimefunga, Mzee."

"Unajua kesi za vyumba huchukua muda gani? Miaka saba! Mtanikalia hapa miaka saba?"

"Hata ishirini," alisema fundi, akimsogezea glasi. "Wewe usife tu."