Kikohozi cha Bi Mkubwa

…na kikohozi ni kikohozi tu, jamani, anacho tangu usichana wake pale kwenye mashine ya kusaga, vumbi la unga lilimkaa kooni miaka nenda miaka rudi, marehemu mumewe alikuwa akisema nikisikia koo linakwaruza huko sokoni najua mke wangu anachagua vitunguu, leo aje huyu binti wa hospitali, mtaalamu wa mambo ya ubongo, na miwani yake na sauti yake ya kubembeleza, amwambie Mama, leo nakuomba ukae pale tu, usiseme kitu, usikohoe, ukiwashwa kunywa maji, kana kwamba amekamatwa anaiba, haya, Bi Mkubwa amekaa, gilasi ya maji mapajani, mkwewe kushoto kwake, na mbele yao kwenye lile jiko la mazoezi, chumba chenye sinki na kabati na meza moja, mwanawe amesimama, birika la umeme ameshalijaza maji, ameshalikalisha mahali pake, kimebaki kidole kubonyeza swichi, na kidole hakiendi… si aibonyeze tu, jambo la kupepesa jicho, mtu aliyekuwa akinyoa ndevu za wazee wenye ngozi kama karatasi bila kuacha mkwaruzo, Kasuku walimwita, kwa ule mdomo wake, mteja anaingia asubuhi kupunguza nywele anatoka mchana mbavu zinamuuma, tulia mzee wangu, sikio hili nikilikata utayasikia nusu nusu majungu ya mkeo, ndiyo maneno yake hayo, mkasi hewani, na watu wasio na hata nywele wakija kukaa, mpaka ile siku ya upepo bango la duka lake mwenyewe lilipong'oka, bango lenye picha ya kichwa kilichonyolewa kikapendeza, likamshukia alipotoka kuingiza viti ndani… hospitali wakafungua fuvu, wakatoa damu, wakafunga, na kovu lenyewe limejificha kwenye nywele, mikono mizima, miguu mizima, ulimi mzima, ukimuuliza anajibu, usipomuuliza haulizi, ukimwacha kwenye kiti jua linachomoza utamkuta kwenye kiti hicho linazama, uvivu huo shoga, umemdekeza, alisema jirani yake, na Bi Mkubwa akanuniana naye, na huyu binti ndiye aliyekuja kumtua mzigo siku ya kwanza, akamwambia si uvivu Mama, wala si kiburi, kuna sehemu ya ubongo hapa mbele, ndiyo inayosema haya, anza, hiyo ndiyo iliyoumia, kujua anajua, kutaka anataka, kuanza ndiko kunakomshinda, na Bi Mkubwa akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, lakini moyoni akasema mbona kwangu anaanza, kwangu anaoga, anafagia, anapika chai na kikombe anakiosha… Kasuku, hatuna haraka, anasema yule binti, sisi tupo tu, na Kasuku anaitikia ndiyo, vizuri kabisa, kama mtoto wa shule, na kidole kiko pale pale, na koo la Bi Mkubwa limeanza, kama unyoya, anameza mate, anakunywa maji, unyoya haushuki, mkwewe anamtupia jicho, sare ya kiwanda cha nguo bado iko mwilini, ameomba ruhusa kwa msimamizi wake, vidole vimejaa alama za sindano, huyu naye, alikuja siku moja akakaa kwenye mkeka akasema Mama, kwangu haamki, nikimchukua Jumapili, siku nzima anashinda na shati la kulalia, sijui nimemkosea nini, na Bi Mkubwa alimjibu nini, alimjibu mbele ya mawifi zake wote, unamwita kama askari anaita mfungwa, mwanamume huyo mwanangu, anataka kuitwa kwa upole, mbona kwangu mzima, mawifi wakaguna, na neno likatoka mlangoni likaenda, kwa mama yake mzima, kwa mkewe mgonjwa, na watu wakajaziliza wenyewe, amemchoka, ana wake huko kiwandani, hata yule wifi mkubwa akasema msishangae akawa amemlisha kitu, na Bi Mkubwa alikuwepo, alikuwa anachambua mchele, hakusema kweli wala hakusema uongo, aliendelea kuchambua… akiweza kujianzia mwenyewe leo, ndivyo alivyosema binti, arudi nyumbani kwake, mkewe akienda kazini abaki peke yake mchana, asipoweza itabidi tufikirie upya, sasa si aweze, aibonyeze, watu waone ni nani aliyekuwa na haki, kikohozi kidogo tu kimoja, cha uzee, nani atamlaumu mtu mzima… na safari iliyopita ndipo lilipozuka hili, Mama, umeona, ulikohoa akachukua kikombe, ulikohoa tena akaweka majani, Bi Mkubwa akacheka, bahati hiyo mwanangu, kwani mimi rimoti, lakini binti hakucheka, akasema tutamtafutia kitu kingine cha kumshtua, simu iwe inalia, tumzoeshe hiyo, anaweza kuwa nayo mfukoni popote, koo la mtu je, na Bi Mkubwa aliona maneno ya kitabuni hayo… ila asubuhi, nyumbani, yeye uani anamenya viazi, ndani kimya, anakohoa, ufagio unaanza, chwa, chwa, chwa, ufagio unanyamaza, anakohoa, maji yanamwagika kwenye ndoo, siku zote alidhani anasikia kazi ikiendelea ndipo koo linamwasha, kumbe koo ndilo lililotangulia, na ile siku ya mafua, nesi alimpa dawa ya maji kwa kikohozi, tamu kama asali, akalala kutwa nzima kifua kimetulia, kuamka jua linazama akamkuta Kasuku ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi, midomo imekauka ina magamba, na yeye akalia kwa furaha, Bi Mkubwa mzima akalia, akasema mwanangu ananihurumia, ameshindwa hata kutoka kwa kunihurumia, akamhadithia kila aliyekuja kumjulia hali… alikuwa ameshika kile kiatu tangu asubuhi… tangu asubuhi, na hakuna aliyekohoa… na kwa mkewe nani atakohoa, msichana ana kifua kizima, anaita kwa upole, alikuwa anaita kwa upole siku zote, hata sasa amekaa hapa mikono mapajani kama mtu anayengojea hukumu aliyokwisha kuambiwa, na Bi Mkubwa anataka kumgeukia amwambie neno, neno lenyewe halijui, na wameambiwa wasiseme… na ndipo Kasuku anapogeuza shingo, taratibu, halitazami birika, haitazami swichi, wala hamtazami binti na miwani yake, anamtazama mama yake, siyo usoni hasa, chini kidogo, kooni, macho yametulia, hayaombi, yanangoja tu, kama mtu aliyefika kituoni akajua gari litakuja, na Bi Mkubwa anaona alichokifanya, yule aliyekuwa akimsifu kwa watu kwamba amepona hakuwa Kasuku, alikuwa yeye mwenyewe, akili yake ikitembea ndani ya mwili wa mwanawe, anaoga yeye, anafagia yeye, siku atakayozikwa kile kifua kitashuka naye na huyu atabaki amesimama hivi hivi katikati ya nyumba… unyoya kooni umekuwa moto, machozi yanamtoka kwa kuuzuia, akimtazama atakohoa, hata akitazamwa tu atakohoa, kwa hiyo, Mungu wangu, tangu alipomzaa hajawahi kumfanyia hivi, si alipokuwa akijifunza kutembea, si kwenye kile kitanda cha mipira na mabomba, anashika kingo za kiti, anajigeuza, anampa mwanawe mgongo, uso kwenye ukuta mweupe, midomo ameibana mpaka inamuuma, na nyuma yake anasikiliza, swichi, hatua, pumzi, chochote, mkwewe ameacha hata kupumua, na nyuma yake hakilii kitu.