Jina la Irine Lilipokwenda Jaridani

Habari yenyewe ililetwa na muuza vitunguu wa Vidunda. Ilikuwa Jumanne asubuhi, Marselina anachambua mchele kwenye ungo mbele ya mgahawa wake pale Mikumi, barabara ya kwenda Iringa. Muuza vitunguu alisema huko kwao mlimani kuna kijana alisoma mpaka masomo yakaisha, akaandika makala, akaipeleka kwenye jarida la wasomi la nje, na jarida likamchukua jina. Sasa mkewe akimwita chakulani anasema "wewe". Mtendaji wa kijiji akiandika kaya yake anaweka kistari.

Marselina aliuliza kama jina lilirudi. Muuza vitunguu akasema hajui, yeye alikuwa anawahi gari.

Basi Marselina akauchambua mchele ule ule mara tatu na mawe bado akaacha.

Sababu ni hii. Binti yake wa kwanza, Irine, alikuwa mhadhiri msaidizi chuoni, upande wa sayansi ya siasa, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa sita wa mwaka uliofuata. Chuo kilikuwa kimemwandikia barua: achapishe makala moja kwenye jarida linalotambulika, vinginevyo wanamshukuru kwa utumishi wake. Marselina aliishia darasa la saba, lakini barua ya kumshukuru mtu kwa utumishi wake alijua maana yake.

Irine alikuwa amejifungia nyumbani kwao Kilosa, ile nyumba ya karibu na reli aliyoijenga babu yake alipoacha kukata mkonge, akiandika. Makala ilihusu Msowero. Kule wakulima na wafugaji waligombana miaka miwili juu ya njia ya ng'ombe kwenda mtoni, wanaume wakapelekana polisi na hospitali, mpaka wanawake wawili, Kishiwa wa upande wa ng'ombe na Ziada wa upande wa mahindi, wakakaa kwenye jamvi wakichambua kunde, na kunde zilipoisha njia ilikuwa imepatikana. Wiki iliyofuata kijiji kikafanya mkutano, na muhtasari ukaandikwa kwamba mwenyekiti amefungua njia. Kishiwa na Ziada hawamo. Irine alikwenda Msowero miezi saba kwa pikipiki kuandika jambo hilo. Hoja yake, alivyomweleza mama yake, ni kwamba anayemaliza ugomvi ni mwingine na anayeandikwa kuumaliza ni mwingine.

"Hilo mbona kila mtu analijua," Marselina alisema.

"Ndiyo, mama. Lakini halina marejeo."

Kanuni za jarida zilitaka wahojiwa wasitajwe, kwa hiyo Kishiwa akawa Mhojiwa wa Nne. Siku ile ile kule Msowero watu walianza kumwita hivyo, naye akaitika, kwa sababu alikuwa anakamua na hakutaka kusimama kubishana.

Jumamosi ya kutuma, Marselina alifunga mgahawa, akapanda basi kwenda Kilosa. Hakumwambia binti sababu. Alibeba tu kapu la ndizi na cheti cha kuzaliwa cha Irine, alichokitoa sandukuni ili akishike mkononi wakati kazi inafanyika.

Walikwenda stesheneri ya Goodhope, ambako mtandao una nguvu. Goodhope ni mtu mzima mwenye miwani, anachapa barua za mahakama na kadi za harusi, na tangu asubuhi alikuwa amewaandalia viti viwili. Makala ilikuwa na maneno elfu kumi na moja na jarida lilitaka elfu nane, kwa hiyo walianza kwa kukata. Goodhope alisaidia. Alisema kwenye kadi za harusi yeye huwa anaanza kukata wajomba.

Ikafika kwenye ukurasa wa majina, ambao unatumwa peke yake. Hapo simu ya Irine ikalia. Alikuwa Profesa Fortunatus, mkuu wake wa idara, mtu wa miaka sitini na mitatu. Makala hiyo Profesa aliisoma mara moja, kwenye semina, wakati wa chai, na akashauri koma moja iondolewe. Aliuliza hali ya mama, akauliza mvua za Kilosa, kisha akasema na yeye awekwe kwenye majina. Irine alimuuliza awekwe wapi.

"Aa, uniweke tu panapostahili," Profesa akasema, akakata.

Irine aliandika jina lake, chini yake akaandika la Profesa. Marselina aliangalia kioo, akaona kitu ambacho hajawahi kukiona kwenye karatasi yoyote, iwe ya kamati ya msiba au ya mchango wa kanisa: mtoto ametangulia, mzee yuko nyuma.

"Unamtanguliaje mtu mzima?" aliuliza. "Aliyekufundisha?"

"Mama, huku haiendi kwa umri. Inakwenda kwa aliyefanya kazi."

"Adabu haina huku wala kule. Ukimpa maji ya kunawa unaanza na nani? Ukimsalimia unangoja yeye akuamkie? Mweke mkubwa mbele, wewe fuata. Wakisoma huko nje wasiseme mtoto wa Marselina hakufunzwa."

Goodhope akaangalia feni. Kisha binti, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumjibu mama yake mbele ya watu, akabadilisha. Profesa juu, yeye chini.

Baada ya hapo wakafuta majina kwenye makala yenyewe, kwa sababu wapitiaji, wale wasomi wanaoipima makala kabla haijachapwa, hawatakiwi kumjua mwandishi. Walifuta kwenye kurasa, wakafuta kwenye tanbihi, wakafuta hadi sehemu ya shukrani, alipokuwa amemshukuru mama yake wa Mikumi kwa supu. Saa tisa na dakika kumi alasiri binti akabonyeza kitufe, mashine ikasema imepokea, na jina likaondoka.

Goodhope alisema, "Hongera sana, dada," akangoja jina lije, halikuja, akaendelea na kadi za harusi. Marselina alifungua cheti mkononi. Tarehe ilikuwapo, uzito wa mtoto ulikuwapo, na penye jina palikuwa peupe kama sahani iliyooshwa. Kwenye simu yake binti alikuwa amebaki namba. Nusu saa baadaye akapiga Costancia, jirani anayepika ng'ambo ya barabara kule Mikumi, kumtaarifu kwamba bango lake limepungua. Lilikuwa linasema KWA MAMA, halafu nafasi ya herufi tano, ambayo rangi yake haikupauka kama kwingine.

"Waliniambia," Marselina alisema.

Hapo ndipo alipojua kwamba limeondoka moja na wameathirika wawili. Kwa miaka ishirini na tisa hakuna aliyemwita Marselina isipokuwa kliniki. Sasa watu walisema "Mama," wakabaki midomo wazi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Madereva wa malori, ambao wakiwa Dar huambiana wakutane kwake wale supu, walishindwa kuambiana wakutane wapi, wakawa wanasimama kwa Costancia, ambaye mwanawe Yared aliishia kidato cha nne na jina lake lilikuwa imara.

Marselina alikwenda ofisi ya kijiji. Mtendaji hakushangaa. Alisema kesi hizo zipo, akafungua jalada, akamwambia alete barua ya jarida yenye muhuri. Marselina akaeleza kwamba jarida halina muhuri, lina mtandao. Mtendaji akasema basi wangoje. Kanisani katekista alitangaza nia ya misa kwa ajili ya binti wa yule mama wa supu. Chuoni binti alisaini karatasi ya mahudhurio na wino ukakauka bila kuacha alama, kwa hiyo kwa miezi mitano alihesabiwa mtoro darasani akiwa anafundisha.

Kilichomsumbua Marselina zaidi hakumweleza mtu. Jina lile alilichagua mwenyewe, la nesi wa zamu aliyemshika mkono siku ya kujifungua. Aliukumbuka mkono, na pete iliyokuwa inambana, na harufu ya sabuni. Jina, hapana. Alikumbuka tu kwamba mdomo hutanuka kidogo ukianza kulitamka, basi wakati mwingine akikoroga maharage aliutanua mdomo hivyo, akangoja, akaufunga.

Mwezi wa nane majibu ya wapitiaji yakaja. Binti alimsomea mama yake kwa simu. Mpitiaji wa kwanza alisema ni nzuri. Wa pili alisema ni nzuri, lakini yeye angependa ihusu nchi nyingine.

"Huyo namjua," Marselina alisema. "Anakula sahani nzima ya wali, halafu anasema alitaka ndizi. Mwambie ndizi zimeisha."

Binti akaandika kurasa nne kwa mhariri, zenye heshima zote, zikisema ndizi zimeisha. Mwezi wa pili wa mwaka mpya wakakubali. Makala ikatoka Alhamisi moja ya mwezi wa tano, siku thelathini na sita kabla ya mkataba kuisha.

Aliyeona kwanza alikuwa Costancia tena, akifagia. Herufi zilikuwa zinatokea kwenye bango moja moja, bila haraka, kama mtu anayeandika huku anasikiliza redio. Marselina alitoka na mwiko mkononi, ameshautanua mdomo tayari. Ikatokea F. Ikatokea O. Akaufunga mdomo. Nafasi ilikuwa ya herufi tano na jina lilikuwa na kumi, kwa hiyo zilibanana, na mbili za mwisho zikahamia kwenye mti uliobeba bango, zikashuka nao. KWA MAMA FORTUNATUS. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za namba ya simu ya fundi, kukaandikwa: na Irine.

"Irine," Marselina alisema. Akalisema tena. Halafu lori likasimama, dereva akachungulia.

"Mama Fortunatus, supu ipo?"

"Ipo," alijibu, kwa sababu ilikuwapo.

Biashara ikarudi. Watu wakamzoea. Kamati ya chuo nayo ikakaa, ikasema makala inahesabiwa kwa aliyetangulia. Profesa Fortunatus akaandikiwa pongezi, na kwenye jalada la Irine likaandikwa neno moja: alishiriki. Wakamwongezea miezi sita aandike nyingine, ya kwake.

Mwezi wa saba Profesa alikuwa anakwenda Iringa kikazi. Gari la chuo likasimama mbele ya bango. Irine alikuwapo, likizo, anamenya viazi. Profesa alishuka, akasoma bango mpaka kwenye mti, akavua kofia. Siku ya mahafali ya Irine, Marselina ndiye aliyempa shikamoo mtu huyu, kwa kupiga goti kidogo, maana Profesa amemzidi miaka kumi na moja.

"Shikamoo, mama," Profesa alisema.

Marselina hajawahi kuiacha shikamoo ya mtu ikining'inia. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

Akakaa. Akala supu na chapati mbili, akaongezewa, akasema chuoni hawajui kupika. Akamuuliza Irine makala nyingine imefikia wapi. Irine akasema iko kwenye marejeo. Profesa akapangusa mdomo, akasema vizuri, akifika kwenye majina amweke tu panapostahili.

Irine aliendelea kumenya kiazi ambacho kilikuwa kimeshamenywa. Marselina akaona kwamba kama yeye ni mama, basi ana haki ya mama. Akavuta kigoda, akakaa karibu na Profesa, akamwambia taratibu, kama unavyomwambia mtoto mbele ya nduguze, kwamba kitu cha mdogo wako hakichukuliwi, na ukikichukua unakirudisha.

Profesa aliinamisha kichwa. "Nimesikia, mama."

Akanawa. Akachukua mkungu mdogo wa ndizi wa njiani. Hakulipa, kwa kuwa hakuna mtu anayelipia chakula kwa mama yake. Gari likaondoka, na kwenye jarida majina yakabaki yalivyo, kwa sababu jarida likishachapa limechapa.

Irine akaosha viazi. "Mama, ya pili ninakwenda kuituma mwenyewe," alisema. "Wewe usije Kilosa."

Marselina akakubali. Jioni hiyo, jua likiwa bado, alichukua chaki na ubao wa vyakula, na chini ya supu, chapati na wali maharage akaandika mambo ambayo mpaka leo wateja wanayasoma wakingoja:

MZAZI MWENYE MTOTO CHUONI, EPUKA HAYA

Usipeleke adabu ya kunawa mikono kwenye karatasi za kazi.

Usimtangulize mtu kwa sababu ya mvi. Uliza alifanya nini.

Mtu akisema awekwe panapostahili, usimwache akate simu kabla hajasema ni wapi.

Usiruhusu jina la mtoto lifutwe kabla hujaliandika pengine, kwa kalamu.

Usiweke jina la mtoto kwenye bango wakati makala yake iko njiani. Andika MGAHAWA, inatosha.

Usiitikie marahaba haraka.

Malori yanarusha tope, na tope linaanza kwenye herufi ndogo za chini kwenye bango. Usikae siku mbili bila kuzipangusa.