Mfuko Chini ya Kifuniko

Siri ya wali wa Maman Colombe wa mtaa wa Nyawera haikuwa siri hata kidogo: mfuko wa plastiki, uliotandazwa juu ya wali unaochemka, kisha kifuniko kikakazwa juu yake. Mvuke hautoki, wali unaiva laini. Jirani zake wote walipika hivyo, ila wake ndio uliokuwa na jina. Kwa hiyo wasomi walipokutana kujadili uchafu wa plastiki, nani mwingine angewalisha?

Colombe alikaa nyuma ya ukumbi na masufuria yake, akimsikiliza Profesa Gérard akinguruma. Plastiki ikipata joto, alisema, inameguka vipande ambavyo jicho haliwezi kuviona, nanoplastiki hizo. Zinaingia ziwani, ndani ya samaki, ndani ya damu, hata kwa mtoto aliye tumboni. Kila baada ya sentensi mbili alipiga funda la maji kutoka chupa ya plastiki iliyoshinda juani. Mganga hajigangi.

Colombe aliicheka ile chupa, halafu akakumbuka mfuko wake juu ya wali wa moto. Binti yake Joviale, aliyekuja kumsaidia kugawa chakula, alikuwa na mimba ya miezi saba, na kila mchana alikula wali wa mama yake. Sasa hivi alikuwa amekwishashika sahani.

"Weka chini, Joviale!" alipiga kelele. Kisha akawageukia wageni. "Ba-prof, mutanisamehe. Ile muchele nilifunika na sashe. Mukule ao mukatae, mimi nimesema."

Masufuria yakaendelea kunukia vizuri, bila aibu. Gérard akakohoa.

"Maman, ile utafiti ingali inaendelea," alisema, akachukua sahani. Foleni ikajipanga nyuma yake. Mwenye njaa hana miiko, hata awe na digrii tatu. Haikubaki punje.

Nyumbani, Colombe alipika upya, kifuniko kitupu na jiwe juu yake. Wali ukatoka mgumu, nusu umeungua.

"Maman, iko nguvu," Joviale alilalamika. "Leo umepika vibaya."

"Tafuna tu. Ile ya laini ulishakula miezi saba."

Akageuka haraka kuosha sufuria, maana hakutaka mwanawe amwone akilia.