Kabati Lenye Mabega

Mpambaji wa maharusi alipoolewa na fundi majeneza, watu walisema kila mmoja kapata wa kumfaa, kwa kuwa wote wawili walikula kwa siku kubwa za wengine. Bibi harusi mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na minane na hakuona cha kuchekesha.

Kilichowapa kazi ni chumba cha kulala. Mke alikuja na mapazia ya waridi na mito saba yenye marinda. Mume alikuwa na kitanda na msumari wa kutundikia koti, basi. Hata hivyo hakulalamika. Kila jioni aliihamishia ile mito kitini, mmoja mmoja, na asubuhi akairudisha kwa mpangilio uleule.

Mwezi wa pili akamletea mkewe zawadi: kabati la mvule alilolichonga kwa wiki tatu. Kazi safi, huoni hata ufa wa kupitisha wembe. Lilikuwa refu, jembamba, limepanuka kidogo mabegani. Ubavuni lilikuwa na vishikio sita vya shaba.

"Vishikio vya nini?" mke akauliza.

"Vya kulibebea."

"Kulipeleka wapi?"

Fundi akafikiri. "Tukihama."

Mke akatundika magauni yake humo hivyo hivyo. Lakini wifi yake, dada wa fundi, alipokuja kuona chumba, alisimama mlangoni, akashusha sauti na kusema, "Poleni." Kisha akakumbuka yuko wapi, akasifu mapazia.

Alipoondoka, mke akaona bora alipambe. Akalizungushia kabati satini nyeupe ya marinda. Fundi aliporudi kutoka kazini alilitazama, akapapasa kitambaa kwa vidole viwili.

"Hii ni daraja la kwanza," alisema. "Tunawawekea wenye uwezo tu."

Mke akaketi kitandani. Alikusudia kukasirika, akajikuta anacheka mpaka machozi. Mume akasubiri amalize.

"Mume wangu, kwani hujui kutengeneza kitu kingine?"

"Nilijua. Nilianza na vitanda vya watoto." Akanyoosha rinda moja la satini. "Mkono umeshazoea. Miaka ishirini sijamtengenezea mtu anayeweza kuniambia kama amependa."

Maneno hayo yalimwingia mke. Akafikiri jibu la kweli, si la kumfariji.

"Mbao nimezipenda," alisema. "Mabega sijayapenda."

"Mabega yanakatika," fundi akasema, akaenda kuchukua msumeno.

Wakashinda Jumamosi nzima wakilishughulikia kabati. Fundi alinyoosha mabega, akang'oa vishikio. Mke akapaka mlango wa kushoto rangi ya manjano. Akahamia wa kulia, lakini mume akamwomba auache mbao tupu, ili naye awe na mahali pa kupumzishia macho. Wakabishana kidogo, mke akaweka brashi chini.

Rangi ilipokauka, fundi akamuuliza kama sasa amelipenda.

"Nimelipenda."

Fundi akaenda kunawa mikono, akarudi, akauliza tena.