Oili ya Pijo

Marino, muuza vipuri kutoka Inde, alikuwa aje Ijumaa baada ya swala kulivuta Pijo, gari la baba, na sababu ilikuwa karatasi niliyoileta mimi.

Mwaka huo, 1995, nilikuwa nimemaliza diploma ya ufundi Kampala. Chuoni tulifundishwa kupima oili iliyotumika: chembe za chuma, shaba na risasi zilizomo hueleza ni kipande gani cha injini kinalika. Niliporudi Koboko nikataka kumpa baba kipimo hicho kama zawadi. Baba yangu, Sulaimani, alikuwa dereva wa jeshi zamani. Sasa alibeba abiria kati ya Koboko na Arua kwa Pijo lile lile lililotuvusha kuingia Zaire tulipokimbia vita mwaka 1979. Vitambaa vya viti alivishona mama tukiwa uhamishoni, kabla hajafariki.

Nilichukua oili injini ikiwa na joto, nikaituma kwenye maabara ya chuo. Wiki tatu baadaye majibu yalifika posta ya Arua. Nilimsomea baba pale pale mlangoni, sauti yangu ikiwa chini kama kawaida yangu.

"Potasiamu iko juu mno. Huenda maji ya kupozea injini yanavuja na kuingia kwenye oili. Gari lisiendeshwe mpaka injini ifunguliwe."

Baba aligeuka kulitazama gari. "Redieta haipungui maji," akasema. "Lakini karatasi inaona ndani. Macho yangu inaona juu tu."

Aliwarudisha abiria wote stendi. Tulikwenda Koboko polepole, sisi wawili tu. Njiani alisema neno moja: "Siwezi kubeba watoto ya watu juu ya kitu inavunjika." Kufungua injini au kununua nyingine hatukuwa na uwezo, na Marino alikuwa akilitaka Pijo siku nyingi kwa ajili ya vipuri, basi baba akakubali kumuuzia.

Alhamisi nilikuwa jikoni na shangazi Hajara, dada yake baba, akipika majani ya kunde. Yeye hulainisha mboga kwa maji ya majivu, ambayo huyachuja kwenye chungu chenye matundu na kuyaweka kwenye chupa ndogo.

"Afisa," akaniita kama alivyozoea, "nipe hiyo chupa."

Nilimpa. Chini yake niliona utando mweupe uliokauka.

"Shangazi, ile uliyonipa ya oili ilikuwa ya nini?"

"Si ni ndugu ya hii! Maji yake iliisha, nikakupa."

Chupa ya maabara ilikuwa imepasuka ndani ya basi nikitoka Kampala, nami nikamwomba shangazi yoyote iliyopo. Niliitazama, nikaiona kavu, nikaridhika. Majivu yamejaa potasiamu.

Nilikimbilia karatasi na kusoma mistari ya chini ambayo sikuwa nimemsomea baba. Chuma kidogo. Shaba kidogo. Risasi karibu hakuna. Maji hayakuonekana. Na potasiamu ya redieta hutoka kwenye dawa inayochanganywa na maji, wakati sisi tunatia maji ya mto tu. Injini ilikuwa nzima. Aliyekosea ni mimi.

Nikaenda kumwambia. Nikamkuta ndani ya gari, anakata nyuzi za vitambaa vya mama kwa wembe, taratibu, ili asivichane. Stendi nzima alikuwa ameiambia kwamba binti yake anajua kusoma damu ya injini. Niliogopa kumwaibisha, na niliogopa kwa ajili yangu pia. Nikarudi jikoni bila kusema.

Ijumaa Marino akaja na lori na mnyororo.

"Mzee Sulaimani! Leo harusi. Bibi harusi iko tayari?"

"Iko," baba akasema, bila kumtazama.

Marino aliinama kufunga mnyororo. Nikasimama mbele ya bampa.

"Baba, gari ni zima."

Marino akacheka. "Juzi mgonjwa, leo mzima! Nyinyi mulipeleka kwa daktari gani?"

"Chupa ndiyo mbaya. Ilikuwa ya maji ya majivu na mimi sikuichemsha. Kosa ni langu, baba."

"Chupa yangu iko safi!" shangazi akapaza sauti kutoka jikoni. "Mimi naosha na mchanga!"

Baba alinigeukia. "Pijo yangu ilikula mboga?"

"Chupa ndiyo iliyokula."

"Leta karatasi. Soma yote sasa, usiruke."

Nikasoma mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye risasi akaninyamazisha kwa mkono.

"Karibu hakuna? Basi beringi iko mzuri. Na maji?"

"Hayakuonekana."

Akafungua kifuniko cha redieta, akaingiza kidole. Maji yalikuwa pale pale.

"Mzee," Marino akasema, "huyu binti amesema mambo mbili. Ngoja karatasi ingine."

"Karatasi ingine tutatuma. Lakini wewe peleka mnyororo yako Inde."

Lori lilipoondoka, baba aliketi kwenye ukingo wa kiti kilichovuliwa kitambaa.

"Ulijua lini?"

"Jana."

"Na ulinyamaza."

"Uliwaambia watu wote stendi kuhusu mimi, baba."

"Nitawaambia na hii," akasema. "Nitawaambia binti yangu alisimama mbele ya mnyororo."

Nilikwenda kutafuta sindano.

Shangazi alichemsha chupa mpya mara tatu, akinung'unika kwamba kuni zinaisha kwa sababu ya wasomi. Sisi tulishona vitambaa, baba upande wa dereva, mimi upande mwingine. Mishono yake ilikuwa mikubwa kama ya gunia, na karibu na mishono ya mama ilionekana vibaya sana. Hatukuibadilisha.

Kisha baba akawasha injini mpaka ikapata joto, akaizima. Nililala chini ya gari kuchukua oili nyingine ya kupima, akaninyooshea chupa. Kabla ya kuniachia aliileta puani, akanusa kwa makini.

"Mboga hakuna," akasema. "Chukua."