Mlango wa Kamera

Tangu Mzee Kitonga apooze upande mmoja na kupoteza usemi, binti yake Nthambi alishona nguo kule kiwandani EPZ roho ikiwa nyumbani Katelembo. Mumbua, aliyemtunza mzee asubuhi, aliondoka kila siku saa sita mchana. Kuanzia hapo mzee alibaki peke yake hadi jioni, mlango bila kufuli ili jirani aweze kuingia kukiwa na shida.

Nthambi alinunua kamera ndogo akaielekeza kitandani. Nyumbani ilionyesha vizuri. Alipofika kazini, haikuonyesha kitu.

Jumapili alimwendea jirani yake Pili, mwalimu wa kompyuta. Nyumba tatu za ploti yao zilitumia intaneti moja, na rauta, kile kifaa cha kuigawa, ilikuwa kwa Pili.

"Simu yako ikibisha kutoka nje," Pili alimweleza, "rauta haijui mgeni ni wa nyumba gani, inamfukuza. Lazima tuiambie: anayebisha kwa mlango wa namba hii, mpeleke kwa kamera ya Nthambi. Lakini laini ni yetu sote. Tumuulize Titus kwanza."

Titus, mpangaji wa nyumba ya tatu, hulinda ghala usiku; mchana yuko kwake. Hakupenda.

"Mkifungua mlango wa nje, mwizi si ataingia hadi kwa simu yangu?"

"Ni mlango mmoja, na unaishia kwa kamera," Pili akasema. "Tena tutaiwekea neno la siri refu."

Titus akauliza, "Na hiyo kamera itaona kila mtu akiingia kwa mzee?"

"Itaona."

"Basi fungueni," akasema, akaingia kwake bila hata kuuliza hali ya mzee. Nthambi aliumia moyoni. Alimwona ni mtu asiyejali.

Pili aliipa kamera anwani isiyobadilika, akafungua mlango wa ile namba, akabadilisha neno la siri. Nthambi alitoka hadi barabarani, akazima waifai, akatumia bando za simu yake. Baba yake akatokea kwenye simu, amelala. Nthambi alisimama pale akimtazama kwa muda mrefu.

Jumatatu, saa ya chakula, alifungua simu. Mtu alikuwa ameinama kitandani. Alikuwa Titus. Alimgeuza mzee taratibu, akamnyoosha mguu, akamnywesha maji kwa kijiko huku akimfuta kidevu. Mzee alimshika mkono kama mtu aliyemzoea.

Jioni Nthambi alibisha kwa Titus.

"Umekuwa ukifanya hivyo tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili. Mzee hugonga ukuta kwa ule mkono mzima, mimi naenda."

"Na hukuniambia?"

"Ungeona aibu, uanze kunitafutia zawadi za shukrani."

"Muvea muno, Titus," akamshukuru kwa Kikamba, na machozi yakamtoka.

"Ingia unywe chai," Titus akajibu. "Mwite na Pili."